Kuku gani mpole wa kufuga kama rafiki wa watoto, sio wa biashara?

Tetea_Mpya

Habari zenu wakuu, naomba msaada wa wazoefu wa kuku. Nina watoto wawili mmoja ana miaka sita mwingine tisa, wananisumbua kila siku wanataka mnyama wa kufuga, mbwa siwezi, paka mwenzangu ana aleji nao, tukaishia kwenye kuku maana uwanja upo na mi mwenyewe nawapenda. Sasa sitafuti kuku wa nyama, na mayai yakipatikana sawa yasipopatikana pia sawa. Nachotaka ni kuku mtoto anaweza kumbeba akatulia, akiitwa anakuja, sio yule ukifungua mlango tu karuka ukuta kama kaona mwewe. Nimesoma soma kila mtu anasifia wa kwake, mara Silkie mara Brahma mara Orpington, wengine wanasema kuku yoyote ni mpole ukimzoesha. Kwenye picha wote wazuri. Hivi kweli aina inachangia upole au ni maneno ya wauzaji tu? Na kama inachangia nianze na ipi, nafikiria wanne hivi. Na jogoo nae awepo au asiwepo?

BibiManyoya

Karibu sana. Aina inachangia, tena sana, usikubali kudanganywa. Angalia kuku wazito na kuku wepesi ni watu wawili tofauti. Leghorn kwa mfano, yule mweupe wa asili ya Italia, mwepesi, macho juu juu muda wote, anataga sana lakini ukimsogelea keshafika juu ya paa. Sio kwamba ni mbaya, ndo alivyo. Sasa hawa wanaosifiwa kwa upole ukichimba ukoo wao karibu wote unakuta damu ya kuku wazito wa China. Miaka ya 1840 walipofika Ulaya wale Cochin watu walichanganyikiwa, walikuwa hawajawahi kuona kuku mkubwa vile, manyoya mpaka kwenye vidole, halafu katulia tu anakuangalia. Brahma katengenezwa Marekani kutokana na kuku waliotoka huko huko. Orpington alitengenezwa Uingereza mwaka 1886 na jamaa anaitwa William Cook, nae alichanganya humo ndani Langshan ambae ni Mchina. Faverolles wa Ufaransa hivyo hivyo ana damu ya Wachina wazito. Kwahiyo wakikwambia "huyu mpole" sio uchawi, ni damu moja imezunguka.

Sasa kwako kuna kitu cha kuangalia zaidi ya upole, nacho ni ukubwa. Brahma jike anafika kilo nne na jogoo wake anapita hapo, mtoto wa miaka sita ataanguka nae. Mpole kweli lakini wa kubebwa na mtu mzima. Kwa mikono ya watoto mi ningesema Silkie, ni kilo moja na ushee tu, au Cochin wale wadogo ambao Uingereza wanaitwa Pekin, hao hata kilo hawafikishi na wako duara mpaka unacheka.

Silkie nitakueleza kidogo maana ndo nampenda. Manyoya yake hayashikani yale ya kawaida yanavyoshikana, vile vijindoano vinavyoshikanisha nyuzi za unyoya hana, ndo maana ukimshika unahisi nywele. Marco Polo alivyopita China karne ya 13 alisimulia kuku wenye manyoya ya paka, wengi wanaamini ndo huyu. Ngozi nyeusi, vidole vitano badala ya vinne. Haruki, hata kamba ya kuanikia nguo haipati. Uzuri wake ndo ubaya wake pia, mvua ikimkuta analowa mpaka ndani, hana kinga yoyote, kwahiyo banda liwe kavu na usimuwekee kichanja cha juu, weka chini chini au alale kwenye maranda. Kishungi nacho kinamfunika macho, kipunguze kwa mkasi awe anaona, Silkie anayeona vizuri hashtuki shtuki.

Na anaatamia huyo! Anataga kidogo halafu anakaa, hata kama hakuna yai chini yake. Akiwa anaatamia usitegemee upole, atajivimbisha na kukudonoa, waambie watoto mapema wasije wakadhani kuku wao kawachukia.

Mzee wa Banda

Faverolles. Ana ndevu na mashavu, vidole vitano, mpole kupita kiasi. Shida yake moja tu, anaonewa na wenzie.

Kifaranga_Mkononi

Mi nitaenda tofauti na Bibi hapo juu, kwa heshima. Aina ni mwanzo tu, mkono ndo unamaliza. Silkie aliyekulia kwenye banda la mfugaji mwenye mamia ya kuku ambae anaona mtu mara moja kwa siku akimwagiwa chakula, huyo atakukimbia vile vile. Na kuna kuku hajatajwa hapa, wale wekundu wa mayai wa kisasa, ISA Brown na ndugu zake. Hao sio wazito, lakini kuku anayekufuata miguuni, anapanda mapajani bila kuitwa, anakudonoa kamba za viatu, ni hao. Kwahiyo ile hadithi ya mzito mpole mwepesi mkali haiendi mpaka mwisho.

Cha msingi anza na vifaranga, wiki zile za kwanza ndo wanajifunza nani ni hatari na nani sio. Na hapa watu wengi wanaharibu bila kujua. Kwa kuku kitu chochote kinachokuja kutoka juu ni adui, kichwa chake kimejengwa hivyo, mwewe anatokea juu. Sasa mtoto anasimama, anainama, anashusha mkono mgongoni kwa kifaranga, kifaranga kinapiga kelele, mtoto anacheka anarudia. Hapo umeshafundisha kinyume. Kaa chini kabisa, laza mkono chini kiganja juu, weka chakula kiganjani, tulia. Atakuja mmoja jasiri, wengine watamfuata. Mkono uingie kwa pembeni usawa wa kifua chake, usitokee juu. Dakika chache asubuhi na jioni inatosha kabisa, kuliko kuwashikilia Jumamosi nzima halafu wiki wamesahaulika.

Halafu sauti. Kila unapowapa kitu kitamu toa sauti ile ile, mluzi, au gonga kopo, au waite jina, chochote, ila kisibadilike. Kuku ana akili kuliko watu wanavyomsema, baada ya muda ukigonga lile kopo wanakuja mbio mabawa nje. Na sheria ya kwanza kwa watoto ni marufuku kukimbiza kuku. Akikimbizwa mara mbili tatu tu umerudi mwanzo.

Kama utawalea mwenyewe kumbuka joto, wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 mpaka 35 usawa wao, kisha unashusha kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yaote. Waangalie wenyewe watakwambia, wakijibana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wanahema midomo wazi wana joto.

BibiManyoya

@Kifaranga_Mkononi wekundu nakubali, wana utu kweli. Ila umemficha kitu mwenzio. Wale wametengenezwa watage karibu kila siku na mwili unachakaa, wakifika mwaka wa pili wa tatu matatizo ya mayai ndani ya tumbo yanaanza, wengi hawafiki mbali. Kwa mfanyabiashara sio tatizo keshamuuza zamani. Kwa mtoto ambae kuku ana jina ni kilio. Silkie au Cochin akitunzwa anaweza kuishi miaka saba, nane, hata kupita. Kwa anayefuga rafiki mi naona hiyo ni hoja kubwa kuliko nani anapanda mapajani.

Kifaranga_Mkononi

Hapo nimekuelewa Bibi. Ila na mimi niongeze faida yao moja ambayo haisemwi, wale wekundu wakitotolewa tu unajua jike na dume kwa rangi, majike ya kahawia madume meupe meupe ya njano. Hupati jogoo wa kushtukiza. Silkie uliyemsifia unakaa nae miezi hujui kama ni dada au kaka.

DaktariWaMifugo_Mstaafu

Naingilia kidogo upande wa afya maana naona mnaongelea watoto na hakuna aliyegusia.

Kwanza kuku mzima kabisa, anayekula na kucheka, anaweza kubeba salmonella kwenye utumbo na manyoya bila dalili yoyote. Kwahiyo mikono inaoshwa kwa sabuni kila baada ya kumshika, kila mara, hakuna leo nimesahau. Kumbusu kuku hapana, kumuweka usoni hapana, kuku jikoni hapana. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee sana au mtu mwenye kinga dhaifu nyumbani, hao wawe wanaangalia tu kwa mbali.

Pili namna ya kumbeba, na hili ni la muhimu sana kwa watoto wanaopenda kukumbatia. Ndege hana lile pazia la misuli tulilonalo sisi kati ya kifua na tumbo la kutusaidia kuvuta pumzi. Yeye anapumua kwa kunyanyua na kushusha mfupa wa kifua. Mtoto akimkumbatia kwa nguvu akambana kifua, kuku anakosa hewa hata kama pua na mdomo viko wazi, na hatapiga kelele, atalegea tu na mtoto atadhani katulia kwa raha. Mfundisheni hivi: mkono mmoja chini ya kifua miguu ikiwa katikati ya vidole, mkono wa pili juu ya mabawa, mshikilie karibu na mwili lakini usimbane. Miguu ikishikiliwa vizuri kuku mwenyewe anatulia, anachoogopa ni kuning'inia.

Tatu chanjo. Ya Marek inatolewa siku ile ile ya kutotolewa, ukichelewa haisaidii sana, na Silkie hasa ni dhaifu sana kwa ugonjwa huu, unaanza mguu mmoja kuburuza halafu anapooza. Muulize unayenunua kwake kabla hujachukua, akikujibu hajui maana yake hawakuchanjwa. Kideri nayo usisahau, hiyo inarudiwa, fuata ratiba ya daktari wa mifugo aliye karibu nawe.

Na wenye manyoya miguuni, Brahma, Cochin, Silkie, wanapata utitiri wa miguu mapema kuliko wengine na huuoni maana manyoya yamefunika. Magamba yananyanyuka yanakuwa kama ukoko mweupe. Uwanja wa matope hauwafai kabisa, tope linagandia manyoya vidoleni na vidole vinaumia. Kila mkimbeba angalieni miguu, na chini ya mbawa na kuzunguka njia ya haja kwa ajili ya chawa.

Tetea_Mpya

Aisee asanteni sana, hilo la kifua sikuwahi hata kulifikiria na yule mtoto wangu mdogo ndo anapenda kukumbatia kila kitu. Basi nimefika hapa: Silkie wawili, Brahma majike wawili hao wa kwangu mimi na baba yao, halafu binti kaona picha ya Polish, yule mwenye kofia la manyoya kichwani, hataki kusikia kingine. Na nimeona mahali Rhode Island Red wanasifiwa ni wagumu hawaugui hovyo, nichanganye nao? Na jogoo bado hamjanijibu.

Mzee wa Banda

Rhode Island Red acha. Kuku mzuri, mtagaji, mgumu kweli, ila kwenye kundi anataka kutawala. Silkie haoni vizuri, hajui kukimbia, hajui kupigana, ukimchanganya na hao atakuwa anakula mwisho na kudonolewa kichwani kila siku.

Na Brahma ni wakubwa lakini wengi hawana makuu, Silkie anaishi nao. Chukua wote wakiwa rika moja na uwaingize siku moja. Hawa wakipangana wenyewe nani juu nani chini wakiwa wadogo inaisha, ukileta mgeni mmoja peke yake baadae ndo vita. Weka vyombo vya chakula zaidi ya kimoja, sehemu mbalimbali, asiwepo wa kukaa juu ya chombo akifukuza wenzie.

BibiManyoya

Polish mwachie kwanza. Sio mkali hata kidogo, ana mapenzi, lakini lile kofia linamziba macho juu na pembeni, kila kitu kwake kinatokea ghafla, kwahiyo anaruka, anapiga kelele, mtoto nae anashtuka. Halafu kuku wenye vishungi vikubwa fuvu lao juu lina uvimbe na mfupa hapo sio imara, akidonolewa kichwani na mwenzie anaweza kuumia vibaya sana. Anakuwa mzuri akiishi na wenye vishungi wenzie watulivu na kofia likipunguzwa. Mwambie binti atapata mwakani akishazoea hawa, au mwambie Silkie nae ana kofia, dogo kidogo.

Jogoo sasa. Kwanza mayai utapata bila jogoo, tetea hamhitaji ili atage, anamhitaji tu kama unataka vifaranga. Pili hata aina ya kipole kabisa jogoo ni jogoo. Mpaka miezi minne hivi ni mtoto mzuri tu, baada ya hapo mwili unabadilika, anaanza kulinda majike, na mtoto wa miaka sita macho yake yako chini, jogoo akiruka na kipi chake kinafika usoni. Wapo watakaokuja hapa kusema jogoo wao wa Silkie analala mapajani, na ni kweli wapo. Mi kwa nyumba yenye watoto wadogo, mwaka wa kwanza, nasema asiwepo.

Kuchi_Original

Niwatetee majogoo kidogo. Ukali sio wa kila aina. Kuchi, Aseel na wenzao wa kupigana wanachukiana wao kwa wao mpaka kufa, lakini kwa mtu wengi ni watulivu ajabu, unamshika unampapasa anasinzia. Kinachowafanya wasifae kwa watoto ni kwamba majike yao nayo yanapigana, huwezi kufuga kundi la kuchi na kutegemea amani. Ila kwa jogoo yoyote kosa ninaloliona kwa watu ni kumdekeza tangu kifaranga, anabebwa kila siku, analishwa mkononi, akikomaa hana woga na mtu hata chembe, anamuona mtu ni jogoo mwenzie. Majike wadekezeni, jogoo mpe nafasi yake asikuzoee sana. Hayo ni maoni yangu, najua kuna wa kunipinga.

Kifaranga_Mkononi

Sikupingi sana, ila sio majogoo yote yaliyodekezwa yanageuka.

Kitu kimoja kwa @Tetea_Mpya usije ukashangaa. Majike wakikaribia kutaga, kama miezi mitano mpaka sita, Brahma na Silkie mara nyingi wanachelewa zaidi ya hapo, ukimsogelea atachuchumaa ghafla mabawa yametanuka kidogo na kutulia tuli. Watoto watashangilia wakisema kanipenda. Ile ni ishara ya kukubali jogoo, kwa kuwa jogoo hayupo anakufanyia wewe. Haina madhara, mpapase mgongoni taratibu atanyanyuka, atajikung'uta na kuondoka zake. Na ndo dalili nzuri kwamba yai liko njiani, andaa kiota.

Tetea_Mpya

Basi jogoo hapana, Polish mwakani, Rhode Island Red nimefuta. Swali la mwisho kabisa, kama Silkie hajulikani jike na dume nitajuaje sijauziwa majogoo mawili? Maana hapo ndo patachekesha.

BibiManyoya

Kwa vifaranga hutajua, na muuzaji anayekuhakikishia kwa macho tu anakubahatishia. Wakifika miezi minne mitano anza kuangalia kishungi, cha jike kinakuwa duara kimejaa, cha dume manyoya ya nyuma yanachomoza yanarudi nyuma kama yamepigwa upepo. Kilemba cha dume kinakuwa kikubwa mapema na kinaiva. Ila wengine wanadanganya mpaka siku wanapowika au kutaga.

Kwahiyo una njia mbili. Nunua tetea waliokomaa ambao wameshaanza kutaga, ila hapo umepoteza zile wiki za kuwazoesha, utafanya kazi zaidi na kopo lako la kugonga. Au chukua vifaranga vitano sita badala ya viwili na mkubaliane na muuzaji kabla hujatoa hela kwamba madume atayachukua. Iandikeni hata kwenye meseji tu. Na watoto wasiwape majina mpaka ijulikane nani anabaki.

Mzee wa Banda

Hapo kwenye majina utashindwa, watakuwa wameshayatoa kabla hujafika nyumbani.